Wasajili ni kina nani?

SWALI: Mimi ni kijana wa Changamwe, nafanya kazi katika ofisi ndogo ya programu inayohudumia watu wa mizigo bandarini. Kontena likishushwa Kilindini, mfumo wetu hutoa ujumbe, na mawakala walioomba habari za meli hiyo huupata papo hapo, wengine kwenye simu, wengine kwenye kompyuta za ofisini mwao. Katika mwongozo wa Kiswahili niliandika: "Mfumo huchapisha ujumbe kwa wasajili." Karani wetu mzee aliposoma aliangua kicheko: "Mwanangu, mwapiga chapa makaratasi humu? Na hawa wasajili ni wa vyama vya siasa?" Nimekosea wapi? Niandike "hutangaza"? Na hao wanaopokea niwaite nani?

JIBU: Karani wako amepatia moja, amekosea moja, na kosa la tatu limempita. Nianze na alilopatia.

Vitenzi tulivyovipokea kutoka Kiarabu, tukitaka jina la mtendaji, mara nyingi tunatanguliza m- tu na mwisho wa neno tunauacha ulivyo. Anayesafiri ni msafiri, anayehariri ni mhariri, anayeadhini ni mwadhini. Msajili basi ni yule anayesajili, mwenye daftari na kalamu, si yule aliyesimama mbele ya meza yake. Kenya nzima inamjua Msajili wa Vyama vya Siasa, na hakuna chama kinachodhani kuwa chenyewe ndicho msajili. Ukiwaita mawakala wako "wasajili", umewakabidhi daftari la ofisi.

Wapo wanaokwepa hapo kwa kusema "msajiliwa". Sarufi haina ugomvi nalo, ila neno hilo lasema kwamba mtu kasajiliwa na mwingine, ilhali kwako wewe wakala mwenyewe ndiye aliyechagua meli anayotaka habari zake. Kazi hiyo ni ya kiambishi -ji-: kujisajili, kujiandikisha, kujiunga. Mimi huchagua kujiunga, kwa kuwa simu zimetuzoesha neno hilo na kinyume chake kiko tayari, kujiondoa.

Na -ji- si pambo. Asubuhi moja niliamka nikakuta meseji: "Hongera! Umejiunga na huduma ya dondoo za kandanda", shilingi kumi kila siku. Mimi na kandanda! Nikapiga simu kulalamika, binti wa upande wa pili akanijibu kwa adabu zote, "Lakini baba, mfumo unaonyesha umejiunga." Sikujiunga, niliungwa. Ugomvi wote juu ya pesa zangu ulikuwa ndani ya silabi hiyo moja.

Usikimbilie "mteja" pia. Neno lenyewe ni zuri, lakini tangu tulipozoea kuambiwa kwamba mteja wa nambari tuliyopiga hapatikani, Kenya nzima asiyepatikana kwa simu huitwa mteja. Hapa Mombasa kuna maana nyingine nzito zaidi: mateja ni vijana walioshikwa na unga, na nyumba nyingi za mji huu zina uchungu wao juu ya neno hilo. Mwongozo wa ofisi hauna haja ya kulitonesha donda. "Wafuasi" nao waachie masheikh na wanasiasa.

Sasa "kuchapisha", ambako karani amekosea. Chapa ilitufikia kutoka Bara Hindi, na kweli mwanzo wake ni alama igandamizwayo juu ya kitu. Lakini maneno hayabaki bandarini yaliposhukia. Tunamtenga mpiga chapa, mwenye mashine na wino, na mchapishaji, ambaye huenda maisha yake yote hajawahi kugusa wino. Mchapishaji ni yule anayelitoa andiko hadharani. Tukisema Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alichapisha gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, hatumaanishi kwamba alisimama mwenyewe kwenye mtambo. Twamaanisha alilitoa, watu wakalipata. Kwa hivyo maana ya kutoa hadharani imo ndani ya kuchapisha tangu zamani, karatasi iwepo isiwepo. Karani wako husoma magazeti kwenye simu kama sisi wengine, na sijasikia akisema hayakuchapishwa.

"Kutangaza" ni neno la karibu, na ukilitumia hutafungwa. Mimi silipendi hapa kwa sababu moja. Tangazo halichagui masikio. Mpiga mbiu akipita mtaani husikiwa na aliyetaka na asiyetaka. Mfumo wako haufanyi hivyo: mwenye haja na meli ile ndiye apataye, wa meli nyingine hasikii kitu. Kuchapisha kuko karibu zaidi, kwa maana gazeti hutolewa kwa wote lakini hulisoma aliyelichukua.

Sasa lile kosa lililompita karani, ambalo kwangu ndilo kubwa. Ni "kwa".

Sikiliza vitenzi vyetu vinavyofanya kazi. Ninatuma barua, ninamtumia Ali barua. Ninaandika, ninamwandikia. Ile -i- ya kutendea humleta mpokeaji ndani ya kitenzi, na ikishaingia, mtumaji anamjua anayempelekea. "Kwa" yako inafanya kazi ileile kwa mlango wa nyuma: "huchapisha ujumbe kwa fulani" yadai kwamba mfumo unamjua fulani. Katika mtindo huu wa kupashana habari, anayechapisha hamjui anayepokea. Hajui ni mmoja, ni mia, au hakuna hata mmoja. Yeye huuweka ujumbe chini ya mada, tuseme jina la meli, kisha basi. Mwadhini huadhini, hakuna asemaye mwadhini kamwadhinia Ali. Ali kaja msikitini kwa miguu yake.

Anayewajua wapokeaji ni yule wa katikati, programu inayoshika orodha ya waliojiunga na kila mada. Basi mpokeaji mpe kitenzi cha huyo: yeye ndiye huwapelekea, huwafikishia. Umwiteje? "Wakala" haifai, maana ofisini kwenu mawakala ndio wanaopokea, na msomaji atapotea. Moyo wangu uko kwa "dalali". Yeyote aliyewahi kununua nyumba au gari Mombasa anajua kwamba dalali hataki kabisa muuzaji na mnunuzi wajuane, na hiyo ndiyo kazi ya programu hii barabara. Ila dalali ana cha juu, na mkubwa wenu anaweza kuuliza nani anayemlipa. Kwa mwongozo rasmi unda neno kwa kufuata kipaza sauti na kinasa sauti: kisambaza ujumbe. Lina faida ya kuonyesha kwamba ni chombo, si mtu.

Na hilo laniletea jambo ambalo hukuuliza. Umesema wengine hupata kwenye kompyuta za ofisi. Huko huenda aliyejiunga si mtu bali programu, na Kiswahili hakikubali kufichaficha: mtu ni "aliyejiunga", programu ni "iliyojiunga". Si jambo geni kwenye fani hii. MQTT, mojawapo ya taratibu zinazotumika sana kwa kazi hii, ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper ili kufuatilia mabomba ya mafuta kwa njia ya setilaiti. Waliokuwa wakichapisha ni vipimo vya kwenye mabomba, hakuna binadamu aliyeshika kalamu. Kwa hiyo ukiandika sehemu ya mafundi, tumia "programu zilizojiunga". Sehemu ya mawakala, "waliojiunga".

Wingi wa ujumbe usikupe tabu: "jumbe zimefika" ni sawa, na anayependa kuuacha "ujumbe" ulivyo hata ukiwa mwingi naye hajakosea. "Ujumbe zimefika" ndiyo usiandike.

Ningekuwa wewe ningeandika hivi: "Kontena likishushwa, mfumo huchapisha ujumbe chini ya mada ya meli husika. Kisambaza ujumbe humfikishia nakala kila aliyejiunga na mada hiyo." Neno "nakala" usilitupe. Ndilo linalomwambia wakala kwamba mwenzake akitangulia kuusoma ujumbe, wake bado upo. Ingekuwa foleni, wa kwanza angeuchukua na wa nyuma angekuta patupu.