Kuchanganya maji ya visima vya mafuta: niliyoyaona Midland, Texas

Wakuu, heshima kwenu. Mleta mada, samahani kwa kuchelewa, nilikuwa zamu ya usiku wiki nzima.

Kwa wanaoingia sasa: mwenzetu amepata kazi kwenye mradi wa mafuta pembeni ya Ziwa Albert, Uganda. Ameambiwa maji yatakayopanda na mafuta yatarudishwa ardhini pamoja na maji ya ziwa, ila hayamwagwi tangi moja mpaka yapimwe. Anauliza shida iko wapi ikiwa yote yanaonekana meupe, na kama dawa yake ni kuyatoa chumvi.

Mimi si injinia. Nilianza huku nikiendesha lori la kubeba maji ya visima, baadaye nikaingia kituo cha kuyasafisha, na sasa nasimamia kimaabara cha hapo. Nakujibu kwa niliyoyashika kwa mkono.

Kwanza wingi wake. Kisima cha mafuta cha huku ni kisima cha maji chenye mafuta kidogo. Upande wa Delaware, magharibi mwa bonde la Permian (eneo kubwa la mafuta la Texas na New Mexico), pipa 1 la mafuta hupanda na mapipa 3 hadi 5 ya maji, pengine zaidi. Pipa ni lita 159. Na chumvi yake si ya mchezo: maji ya bahari yana gramu 35 hivi kwa lita, haya yanapita 100 kila siku. Kwa miaka mingi yalikuwa yanashindiliwa tu kwenye visima vya kutupia. Ardhi ikaanza kutikisika. Mwishoni mwa 2021 Railroad Commission ya Texas (jina la reli, kazi mafuta, reli yenyewe walishaachana nayo) ilisimamisha utupaji wa kina kirefu karibu na Gardendale, na tarehe 16 Novemba 2022 tetemeko la 5.4 likapiga karibu na Mentone. Utupaji ulipobanwa, kuyatumia maji hayohayo kupasulia miamba kwenye kisima kipya ili mafuta yatoke kukazidi kuwa na maana. Sasa kisima kipya kimoja kinakunywa mamia ya maelfu ya mapipa. Huwezi kuyapata yote sehemu moja, lazima uchanganye.

Kutoa chumvi? Hapana. Chumvi ya kawaida haigombani na mtu, na dawa za kulainisha maji mabombani (zinazopunguza msuguano yanaposukumwa) zipo zinazoivumilia. Ukitaka kuitoa yote ni sawa na kuchemsha bwawa zima, na tando za kuchujia chumvi ya maji ya bahari haziwezi mkandamizo wa maji mazito namna hii. Tunachotoa ni mafuta, tope, chuma, bakteria na gesi mbaya. Baada ya hapo tunatafuta nani hapatani na nani, na hapo ndipo nilipoungua.

Mwaka wangu wa pili kituoni tulikuwa na mabwawa mawili. Moja la maji ya visima, limeshasafishwa, unaona hadi chini. La pili la maji ya kisima kifupi, magadi kidogo tu, mazuri kuliko yanayotoka bombani kwetu. Msimamizi wa zamu akasema fungua, nikafungua. Siku tatu za kwanza tulipongezana. Wiki ya pili pampu ikaanza kulia, mkandamizo ukashuka, tukafungua bomba tukakuta ukoko mweupe mgumu umebakiza tundu la kupitisha kidole gumba. Nikachukua kipande nikakimwagia asidi. Ukoko wa chokaa, ule wa birika la chai, ungetoka povu palepale. Huu haukutikisika hata kidogo.

Ilikuwa salfeti. Kile kisima kifupi kilipita kwenye miamba ya jasi, kwa hiyo maji yake yalijaa salfeti. Maji ya mafuta yalijaa strontiamu na bariamu kiasi, metali zilizoyeyuka usizoziona. Kila upande peke yake haukuwa na kosa. Vilipokutana vikawa jiwe, na jiwe la bariamu salfeti halisikii asidi, unalikwangua tu. Kulikwangua nako kuna masharti, maana radiamu, metali yenye mionzi iliyomo kwenye maji, hujificha ndani ya jiwe hilohilo. Usiligonge kavu ukavuta vumbi lake.

Piga hesabu uone. Salfeti miligramu 100 kwa lita ikikutana na bariamu ya kutosha inashika miligramu 143 za bariamu na kukuachia jiwe miligramu 243. Kwa glasi ni kitu ambacho hukioni. Kwa bwawa la mapipa 20,000 ni zaidi ya kilo 770.

Bahari ya Kaskazini waliteseka na hili kabla yetu. Wanashindilia maji ya bahari kusukuma mafuta, na kila lita ya bahari ina miligramu 2,700 hivi za salfeti, wakati miamba ya chini ina bariamu. Kwenye uwanja wa South Brae, mwaka 1988, wakaanza kuyapitisha maji ya bahari kwenye utando unaozuia salfeti na kuiachia chumvi ya kawaida ipite. Angalia akili yake: hawakusafisha maji yote, walimtoa mgomvi mmoja. Pennsylvania, ambako maji ya visima vya gesi vya mwamba wa Marcellus yana bariamu kwa maelfu ya miligramu, huenda kinyume. Hutia sodiamu salfeti kwa makusudi ili bariamu iwe jiwe ndani ya tangi, lizame, litolewe kama tope. Sisi tangu ile pampu tunafuata njia hiyo kwa jumla: ugomvi wote uishie barazani, usiingie chumbani. Maji yanakutana kwenye tangi letu, yanapewa muda, yanaangusha yanayotaka kuangusha, ndipo yanapita kwenye machujio kwenda kisimani.

Kabla ya kukutana, kila maji yanaanzia kwenye tangi la kutuliza, mafuta yanaelea tunayaengua. Halafu chuma. Chuma kikitoka ardhini kimeyeyuka, hukioni. Kikipata hewa kinageuka kutu na kuharibu zile dawa za kulainisha. Kwa hiyo tunakitangulia: tunapuliza hewa, tunapandisha pH (tunapunguza ukali wa asidi), tunatia dawa ya kugandisha tope. Kama umewahi kuona bibi akitia shabu au mbegu za mlonge kwenye mtungi wa maji ya bwawa, kazi ni ileile.

Kuna mchanganyiko mwingine ambao hausubiri wiki ya pili. Lori lilileta maji yenye gesi ya mayai viza, haidrojeni salfaidi, yakamwagwa juu ya maji yenye chuma. Dakika chache tangi zima likawa jeusi kama masizi ya sufuria. Weusi ule ni salfaidi ya chuma, unashikamana na mafuta hata hayaelei tena, yanakaa katikati kama mtindi. Na ole wako umwagie asidi ukoko mweusi wa namna hiyo: gesi inatoka yote kwa mkupuo. Usitegemee pua. Ikifika sehemu 100 kwa milioni harufu inapotea, unadhani imekwisha kumbe umo ndani yake. Kipimo cha kifuani ndicho kinachokulinda, hata ukienda kuchukua chupa moja tu ya sampuli.

Bakteria nao wana mkasa wao. Wapo wanaokula salfeti na kutoa gesi hiyohiyo, kwa hiyo maji safi ukiyaacha bwawani mwezi mzima yanaweza kuanza kunuka yenyewe. Watu hukimbilia klorini ya kawaida. Maji ya visima yana amonia nyingi, na amonia huila klorini kabla haijafika kwa bakteria. Unamwaga dawa, unalipa bili, wadudu wazima. Ndiyo maana vituo vingi hutumia klorini dayoksaidi, ambayo amonia haiisumbui.

Kuhusu upimaji. pH, chuma na salfaidi vipimwe palepale kisimani. Chupa ikifika maabara ya mjini kesho yake chuma kimeshatua chini, gesi imekwenda zake, na ripoti inakuambia maji ni mazuri. Sampuli ya metali itiwe asidi palepale, katika chupa yake ya pekee. Na karatasi ya lori usiiamini sana. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa dereva: lori likibaki na nafasi, unapitia kisima cha jirani kulijaza, karatasi inabaki na jina la kisima cha kwanza. Nimefanya hivyo mara nyingi tu.

Ukishapata namba, programu za kompyuta zipo, kama ScaleSoftPitzer ya Chuo Kikuu cha Rice, zitakuambia jiwe gani linaweza kutokea kwa joto na mkandamizo gani. Bado usiache chupa. Changanya 10 kwa 90, 20 kwa 80, endelea hivyo hadi 90 kwa 10, ziweke kwenye joto la kisima kwa saa 24, kisha chuja na upime uzito. Wageni wengi hupima nusu kwa nusu wakafunga daftari. Kwenye yale mabwawa yetu mawili, tulipokuja kupima baada ya hasara, chupa ya 20 kwa 80 ndiyo iliyotoa tope jingi kuliko zote. Bwawa linavyojazwa taratibu hupitia viwango vyote hivyo njiani, hata kama lengo lako ni nusu kwa nusu.

Kwako wewe wa Albert, maji ya ziwa yatakuja na viumbe hai na hewa, hewa ambayo maji ya chini hayana. Ulizia hewa inatolewaje kabla ya kuingia bombani, maana hiyo ndiyo itakayokula chuma cha mabomba. Ukipata ripoti za maji yote mawili weka hapa bariamu, strontiamu, kalisi, salfeti, bikaboneti, chuma, pH na joto la kisima, tuzitazame pamoja. Jina la kampuni lifute kabla hujapiga picha.