Komoro: kabla ya samaki, nyumba

Mhariri, mliuliza ni taifa gani la visiwa ambalo wengi wetu tunalijua kwa jina tu. Jibu langu ni Komoro, na najua watakaonitangulia watakuwa wameandika habari za samaki. Nitamfikia samaki. Mimi nataka kuanza na nyumba.

Wakomoro karibu wote ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, kama tulivyo wengi wa pwani. Mgeni hutarajia mirathi igawiwe kwa sheria ya dini, mwanamume fungu mbili na mwanamke moja. Kumbe Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vingine, kuna mila iitwayo manyahuli: nyumba na mashamba ya ukoo hushuka kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Binti hujengewa nyumba na kwao, na wakishaoana ni mume anayehamia kwa mke. Wakiachana, anayefungasha virago ni bwana. Dini na mila zimevutana hapo muda mrefu, na nyumba bado ni ya mwanamke.

Halafu kuna ada, yaani harusi kubwa. Si lazima iwe ndoa mpya. Mtu huweza kuifanya akiwa na mke yule yule na watoto waliokwisha kukua. Ng'ombe huchinjwa, dhahabu hupelekwa kwa bibi harusi, ngoma huchezwa siku na siku. Aliyeitimiza ndiye mtu mzima: huvaa joho, huketi safu za mbele msikitini siku ya Ijumaa, na akisema kwenye uwanja wa mji husikilizwa. Ambaye hajaitimiza, hata awe waziri, mbele ya wazee bado ni kijana. Fedha nyingi hutoka kwa jamaa walioko Ufaransa, hasa Marseille, ndiyo maana harusi hufuatana mwezi wa Agosti, wenye likizo wanaporudi.

Wapo Wangazija wanaolalamika kwamba mtu huteketeza akiba ya miaka mingi kwa sherehe. Nakubaliana nao nusu. Kisiwa hakina hata mto mmoja wa kudumu, kwa kuwa mawe ya Karthala, volkeno hai yenye urefu wa mita 2,361, hunywa mvua yote, na vijiji vingi hutegemea maji ya mvua yanayokingwa kwenye mabirika. Fedha za mabirika zinaliwa pilau, utasema. Ila michango ya ada hiyo hiyo ndiyo iliyojenga misikiti na barabara za vijiji vingi ambavyo serikali haikuvifikia.

Haya, samaki. Anaitwa gombesa. Mwaka 1938 mmoja alivuliwa Afrika Kusini, wataalamu wakaduwaa, maana walidhani jamii yake ilitoweka pamoja na dinosaria. Profesa J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki, akasambaza matangazo ya kuahidi pauni 100 kwa atakayempata wa pili. Alipatikana Desemba 1952 kisiwani Nzwani, kisiwa kingine cha Komoro. Wavuvi wa huko walikuwa wakimjua siku zote, wala hawakumjali: nyama yake ina mafuta mengi, na huharisha.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga nao wamekuwa wakimnasa kwenye jarife, nyavu za papa zinazotegwa kwenye kina kirefu. Kwa hiyo atakayewaandikia kwamba gombesa ni wa Komoro peke yake, mrudishieni barua yake.