Maswali ya Wasomaji: Kula katika Migahawa ya Kijapani jijini Tokyo

SWALI: Mhariri wa safu, salamu nyingi. Mimi ni mhandisi kijana wa Morogoro, na mwezi ujao ninakwenda Tokyo kwa mafunzo ya miezi mitatu. Sijawahi kula samaki mbichi maishani mwangu. Nimeambiwa pia kwamba chakula cha Kijapani ni ghali mno, na kwamba mgeni hukosea adabu kila anapotia mguu mgahawani. Naomba uniongoze: niingie wapi, nile nini, na nijihadhari na nini?
Msomaji wa Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, hofu zako tatu, yaani samaki mbichi, gharama na adabu, nilikwenda nazo mimi pia nilipohamia Tokyo kwa miaka mitatu ya masomo, na sehemu kubwa ya hofu hizo ilitokana na jambo moja ambalo hakuna aliyekuwa amenieleza, nalo ni kwamba mgahawa wa Kijapani, ukiwa katika mji wake, mara nyingi hupika kitu kimoja. Sisi tumezoea kuingia mgahawani tukitarajia wali, ugali, chipsi, samaki wa kukaanga na maharage, vyote vimeandikwa ubaoni kwa chaki. Kule, wa tempura hukaanga tempura, yaani samaki na mboga zilizovikwa unga, wa soba hukata tambi za soba, na wa mkunga huchoma mkunga juu ya mkaa, na huenda baba yake na babu yake waliuchoma papo hapo. Kwa hiyo swali la nile nini hujibiwa ukiwa bado barabarani. Ukishaketi kwa mtu wa sushi ukamwomba tambi za mchuzi, utakuwa kama aliyempelekea fundi cherehani viatu ashone soli.

Kutambua mgahawa unapika nini si kazi ngumu, hata kwa asiyesoma herufi zao. Mingi huweka dirishani sahani za chakula cha bandia, kilichofinyangwa kwa plastiki kwa ustadi mkubwa, kila moja na bei yake. Ulimi ukishindwa, mwombe mhudumu mtoke naye nje umwonyeshe kwa mkono, wala hataona ajabu. (Sahani hizo huuzwa katika mtaa wa Kappabashi, karibu na Asakusa, na mtaa huo unastahili matembezi ya asubuhi nzima.) Mlangoni huning'inia pazia fupi la kitambaa liitwalo noreni. Likiwa nje, mgahawa umefunguliwa. Likiwa limeingizwa ndani, wamefunga, hata kama taa zinawaka na watu wanaonekana. Kwenye migahawa ya rameni, yaani tambi za mchuzi, utakuta mashine karibu na mlango: unatia pesa, unabonyeza kitufe chenye picha ya unachokitaka, unachukua tiketi na kumkabidhi mpishi. Tembea na noti mfukoni, kwa maana migahawa mingi midogo bado haipokei kadi.

Kuhusu gharama, aliyekuambia kwamba ni ghali mno huenda alikula jioni tu. Mgahawa uleule ambao usiku hukutoza yeni 8,000 huenda adhuhuri, kati ya saa tano na nusu na saa nane, ukakupa sinia la wali, supu ya miso (soya iliyochachushwa), kachumbari na samaki wa kuchoma kwa yeni 1,000 hivi. Bakuli la wali lililofunikwa nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba hupatikana kwa karibu yeni 500. Kuna pia sushi ya mkanda, ambayo vipande hupita mbele yako juu ya mkanda unaozunguka, na katika migahawa mingi rangi ya sahani ndiyo inayokuambia bei. Mtindo huo ulianzishwa mwaka 1958 karibu na Osaka na Yoshiaki Shiraishi, aliyetaka mfanyakazi wa kawaida naye aweze kula sushi, na ndipo ningependa uanzie. Hakuna anayekuharakisha, hulazimiki kuzungumza, na unachokiogopa unakiacha kipite.

Niseme hapa jambo lililonikera mimi mwenyewe, ili lisikukere wewe. Katika wiki yangu ya kwanza niliingia izakaya, yaani nyumba ya vinywaji na vyakula vidogo vidogo vya jioni. Nilipoketi tu nikaletewa kibakuli cha mboga ambacho sikukiagiza. Nilidhani ni ukarimu, nikakila kwa shukrani. Kisha hesabu ilipokuja nikakuta nimetozwa yeni 400, nikatoka nimenuna, nikiamini nimeibiwa kwa sababu ya ugeni wangu. Haikuwa hivyo. Kibakuli hicho huitwa otoshi, kila mteja wa izakaya hukipata na kukilipia, Mjapani na mgeni sawasawa, na ndicho kinachosimama badala ya ada ya kiti. Bahashishi, kwa upande mwingine, haipo kabisa. Ukiacha sarafu mezani, mhudumu atakukimbilia barabarani akidhani umezisahau.

Sasa samaki mbichi. Sushi ya Tokyo, ile ya tonge la wali lenye kipande cha samaki juu, ilizaliwa mwanzoni mwa karne ya 19, wakati mji huo ulipokuwa ukiitwa Edo, ikiuzwa kwenye vibanda vya barabarani kwa watu wenye haraka. Barafu haikuwepo vibandani humo, na kwa hiyo mafundi wa zamani walimloweka samaki katika mchuzi wa soya, wakamtia chumvi na siki, au wakamchemsha. Mengi ya hayo yamebaki mpaka leo, ndiyo maana mtu asiyetaka kibichi anaweza kula sushi akashiba: kuna kamba wa kuchemsha, pweza wa kuchemsha, mkunga wa baharini aliyepikwa akalainika, na kipande cha yai tamu ambalo wapenzi wengi wa sushi hulitumia kupima mkono wa fundi. Anza na hivyo. Ukipata moyo, nenda kwenye jodari, ambaye kwetu si mgeni: meli za Japani zimekuwa zikivua jodari Bahari ya Hindi tangu miaka ya 1950, na wale wa safari ndefu hugandishwa melini kwa baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri. Baridi ya namna hiyo huua minyoo ya samaki, na ni mojawapo ya tofauti kati ya samaki aliyeandaliwa aliwe mbichi na samaki yeyote tu wa sokoni. Usijaribu kuiga jambo hili nyumbani kwa samaki wa ndoo. Hata Wajapani wenyewe hawakuwa na desturi ya kula samoni mbichi mpaka Wanorwe walipowaletea samoni wa kufugwa katika miaka ya 1980, kwa kuwa yule wa bahari yao walimjua kuwa na minyoo.

Adabu ndiyo nyepesi kuliko zote. Makosa mengi ya mgeni husamehewa palepale, ila mawili ya vijiti yanagusa msiba, na kwa sababu hiyo nakuomba uyaepuke kwa dhati. La kwanza ni kuchomeka vijiti vikasimama katikati ya wali, kwa maana hivyo ndivyo wali huwekwa mbele ya marehemu. La pili ni kupokezana chakula kijiti kwa kijiti, kwa maana hivyo ndivyo jamaa hupokezana mifupa ya maiti baada ya kuchomwa. Sisi tunaojua uzito wa matanga hatuhitaji maelezo zaidi. Kwenye tambi, vuta kwa sauti bila haya, kwani huko ndiko kuzila zikiwa moto.

SWALI: Assalamu alaykum. Mume wangu na mimi tunatoka Unguja, na tutakuwa Tokyo siku kumi. Tumesikia kwamba chakula cha Kijapani ni samaki na wali, kwa hiyo tumetulia kuhusu halali. Je, tuko sahihi?
Bi msomaji, Unguja

JIBU: Wa alaykumu salaam, Bi msomaji. Ningefurahi kukujibu kwamba mko sahihi, lakini si hivyo, na ni bora mjue kabla ya safari. Nguruwe huonekana kwa urahisi: tonkatsu ni nguruwe wa kukaanga, na tonkotsu ni supu ya rameni iliyochemshwa kutokana na mifupa yake. Kinachofichika ni kileo. Mirini, kiungo kitamu cha mchele kinachoupa mchuzi mng'ao, kwa kawaida huwa na kileo cha asilimia 14 hivi, nayo huingia katika mchuzi wa mkunga, wa kuku wa mishikaki, wa soba, na hata katika mboga za kuchemsha. Sake, pombe ya mchele, hutiwa kwenye samaki ili kuondoa shombo. Chakula cha mahekalu ya Kibudha, kisicho na nyama wala samaki, nacho huweza kuwa na mirini na sake, kwa hiyo neno mboga peke yake lisiwatulize. Mchuzi wa soya nao hupata kileo kidogo wakati wa kuchachuka. Katika hilo wanazuoni wana kauli zao, nami siwezi kuwa mufti wenu, muulizeni sheikh mnayemfuata.

Msikate tamaa, lakini. Msingi wa supu zao, dashi, hutokana na mwani mkavu na vipande vya samaki mkavu, na ladha nzito ya mwani huo ndiyo ambayo Kikunae Ikeda, profesa wa kemia wa Tokyo, aliitenga mwaka 1908 na kuiita umami. Nayaeleza haya kwa sababu utamu wa chakula chao haudai nyama wala mirini, na ndiyo maana mpishi Mwislamu huweza kuupika bila kuuharibu. Migahawa ya rameni yenye hati ya halali ipo Asakusa. Aidha, nendeni msikiti wa Tokyo Camii, mtaa wa Yoyogi-Uehara, uliofunguliwa mwaka 1938, jengo la sasa likiwa la mwaka 2000. Mtaswali, na mtapata waumini wa kuwaelekeza. Kwingineko, andikeni kwa Kijapani kwenye kikaratasi kwamba hamli nguruwe wala kileo, hata ndani ya mchuzi, mkionyeshe kabla ya kuketi. Mpishi akisema hawezi, amewatendea haki. Mshukuruni mwende kwingine.

SWALI: Mkubwa wangu wa kazi amenialika kwenye mgahawa wa sushi huko Tokyo ambao hauna orodha ya vyakula. Nitaagizaje?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Hutaagiza, ndugu yangu. Utaratibu huo huitwa omakase, maana yake nakuachia wewe, na fundi ndiye anayeamua kufuatana na samaki aliowapata asubuhi katika soko la Toyosu, ambako mnada mkuu wa samaki ulihamia kutoka Tsukiji mwaka 2018. Kama kuna usichokula, mwambie mkubwa wako leo ili akiseme wakati wa kuhifadhi nafasi, si siku ile. Usijipake manukato, kwa kuwa viti huenda vikawa vinane tu na harufu yako itaketi juu ya chakula cha wote.

Kipande kikiwekwa mbele yako, kile mara moja, kwa mkono ukipenda. Wali umeachwa na uvuguvugu wa makusudi, na ukisubiri kupiga picha tatu unaupoteza. Mara nyingi fundi ameshakipaka mchuzi na wasabi, kile kiungo kikali cha kijani, kwa hiyo usikichovye tena kabla hajakuambia. Tangawizi ni ya kusafisha kinywa kati ya kipande na kipande, haiwekwi juu ya samaki. Fika dakika tano kabla ya saa iliyopangwa. Mkimaliza, mwache mkubwa wako alipe bila kuuliza bei, kisha mtazame fundi na umwambie gochisosama deshita, ndiyo shukrani ya aliyelishwa, naye atainamisha kichwa.