Picha tatu za kifua cha mwanangu

Mwanangu wa pili alitibiwa pumu mwaka mzima, na pumu hakuwa nayo. Nawaandikia wazazi wenzangu hapa Ujiji na kokote mliko, maana kilichomsaidia ni bahasha ya picha za eksrei ambayo nusura niitupe.

Alikuwa na miaka minane. Kifua kilipiga mluzi akikimbia, baadaye hata akilala. Tukapewa dawa ya kuvuta, salbutamol, haikubadilisha kitu. Ikaja nimonia, akachomwa sindano, akapata nafuu. Ikarudi mara ya pili, na ya tatu. Bibi yake alimkanda kifua kwa mawese ya moto kila jioni, na mtoto alilala vizuri mikononi mwake, lakini mluzi ulibaki. Alipokohoa makohozi yenye damu tulipimwa TB. Haikuonekana.

Daktari mmoja kijana ndiye aliyetaka picha zote za zamani. Akazibandika dirishani, tatu kwa mpigo. Doa lilikuwa pale pale, sehemu ya chini ya pafu la kulia, mara zote tatu. "Mama, hapa kuna kitu kimeziba njia." Akauliza kwanza kama mtoto aliwahi kupaliwa na karanga, kwani kwa watoto kitu kilichoingia njia ya hewa ni cha kawaida kuliko uvimbe. Kisha akanipa vifaa vya masikioni nisikilize mwenyewe: kushoto kimya, kulia mluzi. Pumu kwa kawaida husikika pande zote mbili.

Tukapewa rufaa, tukapanda treni hadi Dar es Salaam. Kipimo cha CT, yaani picha za kompyuta za ndani ya kifua, kikaonyesha uvimbe ndani ya mrija wa hewa. Wakampitishia kamera nyembamba kooni akiwa usingizini, na maabara ikataja kasinoidi, uvimbe adimu unaokua polepole. Tiba yake kuu ni upasuaji. Uvimbe ukatolewa pamoja na kipande cha pafu.

Ndugu zangu, msitupe picha. Andikeni tarehe nyuma yake. Nimonia ikirudi, ulizeni: ni sehemu ileile? Mkiambiwa ndiyo, ombeni picha nyingine wiki kadhaa baada ya mtoto kupona, muone kama doa limeondoka. Na dawa ya pumu isipofanya kazi, rudini mkaseme hivyo waziwazi, msione haya. Mimi niliona haya miezi minane.

Bahasha iko juu ya kabati. Mwezi ujao tunaipeleka tena kliniki.