Jibu: Kwa nini Wajapani waliutaka mji wa Kohima?
Ndugu, umeuliza kwa nini Wajapani waliung'ang'ania mji mdogo wa mlimani kama Kohima, kule India, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ni barabara. Ile ya kutoka Dimapur penye reli hadi Imphal ilipita hapo. Ukiishika Kohima, jeshi la Waingereza lililoko Imphal halipati chakula wala risasi kwa nchi kavu. Mapigano yalianza Aprili 1944, na kuna siku maadui walitenganishwa na uwanja wa tenisi tu! Barabara ilifunguliwa tena 22 Juni. Wanaga, wenyeji wa milima hiyo, waliobeba majeruhi na mizigo milimani wanastahili kutajwa zaidi. Na babu zetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliwafukuza Wajapani bonde la Kabaw, kwenye mvua na matope, hadi Kalewa nchini Burma.