Re: Mashine ya kupumulia usingizini, betri ya trela itatosha?

Mkuu, betri yako ya asidi ya amp-saa 100 itaendesha mashine usiku kucha bila umeme wa kambini, ila zima kile kitangi cha unyevu na kipasha joto cha mpira wa hewa. Hivyo ndivyo walafi wa umeme. Mashine yenyewe ikila wati 30, saa 8 ni wati-saa 240. Betri ya volti 12 ya ukubwa huo ina kama wati-saa 1,200, nawe usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo utalala nayo mara mbili kabla ya kuchaji. Inveta (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) achana nayo, inapoteza umeme bure. Tafuta adapta ya DC ya mashine yako, yaani ya kuichomeka moja kwa moja kwenye betri, maana mashine nyingine zinataka volti 24.

Halafu mashine iweke chini ya usawa wa kitanda. Mimi niliipandisha rafuni, unyevu umewashwa, baridi kali: saa tisa usiku maji ya mpirani yakanimiminikia puani!