Kubadilisha krauni na pinioni: pesa inaishia wapi

Mkuu, umesema ulitoa matairi ya inchi 31 ukaweka ya 35, difu zako ni 4.10 (yaani propela inazunguka mara 4.10 gurudumu likizunguka mara moja), na sasa gia ya tano haivuti hata kwenye kilima kidogo. Mafundi wawili wamekupa bei ya kubadilisha krauni na pinioni, zile gia mbili za ndani ya difu zinazotoa namba hiyo, na ya mmoja ni karibu nusu ya ya mwenzake. Unauliza ni yupi anataka kukupiga. Inawezekana wote ni waaminifu, ila wanakuuzia kazi mbili tofauti. Nazijua kwa sababu nimezilipia zote mbili, kwenye gari lilelile.

Kwanza hesabu, maana ukikosea hapa fundi hata awe bora vipi hatakusaidia. Gawa kipenyo cha tairi jipya kwa cha lile la zamani, kisha zidisha kwa namba ya difu uliyonayo. 35 kwa 31 ni 1.13, mara 4.10 unapata 4.63. Seti za karibu na hapo ni 4.56, yaani krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 9, au 4.88, yaani 39 kwa 8. Ukiwa kilomita 100 kwa saa, kwenye ile gia ambayo giaboksi inapitisha mzunguko wa injini moja kwa moja, zamani injini ilizunguka karibu mara 2,760 kwa dakika. Sasa imeshuka hadi 2,450, ndiyo maana haivuti. 4.56 itakurudisha kwenye 2,720, na 4.88 itakupeleka kwenye 2,910.

Mimi nilichukua 4.88. Tairi kubwa ni refu na pia ni zito, na gari langu lilikuwa tayari na winchi na bampa la chuma. Kama safari zako nyingi ni za lami na gari halina mizigo hiyo, 4.56 inatosha. Usikimbilie namba kubwa kwa sifa, kwa sababu kadiri inavyopanda ndivyo pinioni inavyopungua ukubwa na nguvu. Na kama moyoni unayataka matairi ya inchi 37, sema sasa. Hii si kazi ya kurudia kila ukibadilisha matairi.

Sasa gharama. Watu huuliza bei ya krauni na pinioni peke yake, lakini kwangu vyuma hivyo havikufika nusu ya jumla. Halafu unanunua seti mbili, ya mbele na ya nyuma. Utakutana na mtu wa kukuambia ufanye nyuma kwanza, mbele utamalizia ukijaaliwa. Usikubali kama unatumia four-wheel. Transifa, lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, ikishafunga propela ya mbele na ya nyuma pamoja, huku mbele ni 4.10 na nyuma 4.88, magurudumu yanavutana yenyewe kwa yenyewe, na kwenye ardhi ngumu kuna kitu kitakatika. Gari ambalo four-wheel yake inafanya kazi muda wote, hata kulitoa gereji hivyo haifai.

Kinachofuata ndicho kinachotofautisha zile bei mbili. Gereji ya kwanza niliyokwenda walinirudishia beringi zilezile za zamani, ile kola ya pinioni inayobonyea mara moja tu nayo wakairudisha, na shimu (vile vyuma vyembamba vya kupanga pinioni ikae mbele au nyuma kiasi gani) zilizokaa na pinioni ya zamani wakazihamishia kwenye mpya bila kupima. Nilifurahia bei. Baada ya wiki chache ukaanza mluzi kwenye kilomita 60 kwa saa. Nikikanyaga mafuta unalia, nikiachia unabadilika sauti. Nilipofungua nati ya oili na kuingiza kidole, kilitoka kinang'aa vumbi la chuma. Meno yalikuwa yamekwishaungua upande mmoja. Krauni, pinioni na beringi vyote vikaenda na maji, na gharama ya ufundi nikailipa tena kuanzia sifuri.

Fundi wa pili nilisimama pembeni yake siku nzima. Alifunga pinioni, akapaka meno ya krauni rangi ya njano, akaizungusha huku akiikaba kidogo, kisha akamulika tochi kuona rangi imefutika wapi. Alama ilikuwa imeegemea ncha ya jino. Akatoa pinioni, akaing'oa beringi kwa presi, akabadilisha shimu nyembamba kama karatasi, akarudisha. Alirudia hivyo mara nne, mpaka alama ikakaa katikati ya jino. Ndipo akaweka geji ya mshale kupima mchezo kati ya meno. Kwenye difu yangu alitaka milimita 0.15, na alipopata 0.22 hakusema “inatosha”. Alisogeza krauni mpaka ikafika. Zile saa zake ndizo zilizofanya bei iwe kubwa, na mpaka leo difu ile haitoi sauti.

Aina ya difu nayo inapandisha au kupunguza. Kama kichwa cha difu kinatoka kizima kwa mbele ya hausingi, fundi anafanyia kazi mezani, na hata unaweza kupata kichwa kilichotumika chenye namba unayotaka kutoka gari la jamii hiyohiyo. Hiyo ndiyo njia ya nafuu ninayoiamini, mradi uhesabu meno mwenyewe na uangalie kama yana vishimo. Kama kila kitu kinapangwa ndani ya ekseli, kama kwenye aina ya ekseli iitwayo Dana 44, saa zinaongezeka. Tena Dana 44 yenye 3.73 kushuka chini kwa kawaida inadai na kibebeo kipya cha krauni ukipanda 3.92 au zaidi. Mbele huwa ghali kuliko nyuma, kwa sababu habu na shafti lazima zitoke kwanza, na hapo sili za oili badilisha tu, usibane pesa.

Kama una ndoto ya kuweka difu loki, kile kifaa cha kufunga magurudumu mawili ya ekseli yazunguke pamoja, iweke siku hiyohiyo. Krauni inafungwa juu yake, kwa hiyo ufundi unaulipia mara moja.

Tenga pia oili ya pili. Siku za mwanzo endesha taratibu kilomita 25 au 30, simama mpaka difu ipoe kabisa, rudia mara kadhaa. Usivute trela kabla ya kilomita 800, na zikifika, mwaga oili hata kama inaonekana safi. Spidomita inayosoma kutoka kwenye giaboksi au transifa nayo usomaji wake utabadilika, iulizie mapema.

Rudi kwa yule wa bei ndogo umuulize kama beringi, kola na sili mpya zimo, kama ana geji ya mshale, na kama atakuonyesha alama ya rangi kwenye meno kabla hajafunga. Akijibu yote vizuri, mpe kazi. Kisha niandikie hapa pinioni ya difu yako ya mbele inaingilia juu au chini ya mstari wa katikati ya ekseli, kwa sababu zile za juu zina krauni yake ya kukatwa kinyume na wauzaji wengi huwa hawakuulizi.